Mshubiri Mlangoni

Watu wapitao mbele ya nyumba yangu hapa Sumbawanga hawaniulizi habari za mahindi wala za ulezi, bali huuliza habari za mishubiri iliyopangwa barazani. Husimama, huitazama, kisha husema, "Mwalimu, hii yako waipa maji gani hata ikanenepa hivi? Wangu umeoza." Nami huwajibu kwamba karibu siipi kitu. Basi hucheka, wakidhani ninaficha siri, kama wafua chuma wa Ufipa wa kale walivyoficha dawa za tanuru zao. Kwa hiyo nimeona yafaa niandike yote niyajuayo, nisije nikaitwa mchoyo.

Kwanza jina. Mshubiri ndio mmea, na shubiri ni maji yake machungu yaliyokaushwa, ambayo zamani yaliuzwa madukani kama vipande vyeusi. Mtoto wa pwani huijua shubiri kabla hajajua kusema, maana akina mama waliipaka kwenye titi walipotaka kumwachisha kunyonya. Ndiyo sababu watu husema jambo fulani ni chungu kama shubiri. Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, na katika lugha hiyo jina la mmea huu na lile neno lililotupa sisi "subira" ni ndugu, yamechipuka katika shina moja. Vijana wa siku hizi husema alovera, wakifuata jina la Kilatini la aina moja tu, ile yenye majani mazito ya rangi ya majivu, iliyotoka Bara Arabu na kuenea duniani kote. Walakini aina zilizohesabiwa na wataalamu ni zaidi ya 500, na nyingi sana ni za Afrika.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali kuiona. Ukitoka Sumbawanga ukapitia Matai mpaka kwenye maporomoko ya Kalambo, pale mto unapoanguka zaidi ya mita 200 katika mpaka wetu na Zambia, yako magenge ambayo mbuzi mwenyewe huyaogopa. Katika magenge hayo huota mshubiri unaoning'inia kichwa chini kama popo. Mwaka 1959 Gilbert Reynolds, aliyesafiri sehemu nyingi za Afrika kutafuta mishubiri, aliupa jina la Desmond Vesey-FitzGerald. Bwana huyu alikuwa mtaalamu wa viumbe katika shirika la kuzuia nzige wekundu lililokuwa na makao yake Abercorn, mji ambao sasa huitwa Mbala. Nao nzige hao huzaliana katika mbuga za bonde la Rukwa, chini ya milima yetu. Hivyo mtu aliyeletwa kwa ajili ya nzige akaacha jina lake katika ua. Sijapata kusikia malipo bora kuliko hayo kwa kazi ngumu namna ile.

Sasa nije kwenye utunzaji. Maelezo mengi ya kutunza mishubiri yameandikwa kwa ajili ya watu wa nchi kavu yenye joto, au kwa ajili ya watu wa Ulaya ambao huiweka ndani ya nyumba karibu na dirisha la kioo. Ufipa si huku wala kule. Sisi twakaa juu, mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari, na pande zote mbili, Ziwa Tanganyika upande wa machweo na Ziwa Rukwa upande wa macheo, maji yako karibu mita 1,000 chini yetu. Tuna miezi sita ya mvua, tangu Novemba hata Aprili, na miezi sita ya ukavu. Na katikati ya huo ukavu, Juni na Julai, huja baridi pamoja na upepo usio na kizuizi, kwani sehemu kubwa ya nchi yetu ni majani matupu na miti michache. Mtu hudhani ukavu ndio adui wa mmea. Kwa mshubiri sivyo. Miezi sita ya kiangazi kwake ni usingizi tu. Adui yake ni Januari na Februari, mvua inaponyesha siku kumi mfululizo na udongo haupati nafasi ya kukauka. Na adui wa pili ni mtu mwenye huruma, aliyesimama mbele yake mwezi wa Julai na kopo la maji mkononi.

Nieleze sababu, maana walimu watapenda kuijua. Mimea mingi hufungua matundu madogo ya majani yake mchana ili kuvuta hewa, na katika kufungua hupoteza maji mengi juani. Mshubiri hufanya kinyume chake. Mchana hufunga. Usiku, baridi ikishuka, hufungua, huvuta hewa unayoihitaji na kuiweka akiba katika hali ya uchachu ndani ya majani. Kukipambazuka hufunga tena milango yake na kuitumia ile akiba kwa nguvu ya mwanga wa jua. Mwaka 1815 Benjamin Heyne, aliyekuwa akikaa Bara Hindi, aliandika kwamba majani ya mmea mwingine mnene wa tabia hii yalikuwa machachu sana asubuhi, na kufika adhuhuri hayakuwa na ladha. Alilitambua jambo hilo kwa ulimi wake, miaka mingi kabla wataalamu hawajaeleza maana yake. (Mwalimu aweza kuwasimulia watoto habari hii, lakini asiwaonjeshe mshubiri, kwa sababu nitakayoitaja mbele.) Mmea wenye tabia hii hauna kiu ya kila siku. Tena wakati wa baridi kazi yake hupungua kabisa, mizizi hainywi, na maji uliyoyamwaga hukaa yakiizunguka mizizi hata ikaoza.

Kuhusu udongo, Wafipa hatuhitaji kufundishwa na mtu kwamba udongo hutengenezwa. Wazee wetu walilima kwa intumba, yaani marundo ya mviringo, majani yakifukiwa ndani ili yaoze na kuilisha mbegu. Mke wangu alipoanza kupanda mishubiri, jirani mmoja alimshauri aipande juu ya intumba. Nusu ya shauri hilo ni njema na nusu ni mauti. Kuinua udongo ni vema sana, kwa kuwa maji hushuka na kwenda zake. Lakini majani yaozayo ndani hushika unyevu, na mshubiri hautaki kulazwa katika kitanda chenye maji. Basi tengeneza tuta dogo, walakini ndani yake tia mawe na kokoto badala ya majani. Kwa mmea wa chomboni changanya makopo mawili ya mchanga mkubwa wa mtoni na kopo moja la udongo wa shamba, ukitaka uongeze konzi moja ya samadi iliyooza vizuri, basi. Udongo wa kichuguu unaotufaa kwa matofali haufai hapa, kwani hufungamana. Chombo ni chochote: debe, ndoo iliyopasuka, kopo la rangi lililosafishwa, chungu chenye ufa. Mradi kitobolewe chini, tena si tundu moja la msumari, bali matundu matano au sita yapitayo kidole.

Uweke mmea wako upande upatao jua la asubuhi. Mchirizi wa bati ni mahali pabaya kuliko pote, kwani hapo mvua ya paa zima humwagikia shingo moja. Mwezi wa Novemba, vyombo visogezwe ndani ya upenu, navyo vikae hapo hata mvua iishe. Mishubiri iliyo katika tuta la kokoto yaweza kubaki nje. Wakati wa kiangazi nyunyizia ya vyomboni mara moja katika majuma matatu, asubuhi, maji yaingie mpaka yatokee chini, kisha uache. Usinyunyize kidogo kidogo kila siku kama mtu apiguzaye vumbi, wala usimwage maji katikati ya majani, hasa jioni. Juni na Julai mimi siigusi kabisa iliyo ardhini.

Mmea wenyewe husema hali yake, mtu akijifunza kuusoma. Majani yakiwa membamba, yamejikunja kwa ndani kama mfereji, una kiu; mpe maji leo, na juma lijalo yatajaa. Majani yakigeuka rangi ya shaba baada ya kuutoa kivulini na kuuweka juani, au katika baridi ya Julai, si ugonjwa. Jua la nchi ya juu ni kali, nao unajifunika kwa namna yake. Tena usiutoe kivulini ghafula, uuzoeshe jua kidogo kidogo. Lakini majani ya chini yakiwa ya manjano, laini, yaking'aa kama yamechemshwa, hapo pana uozo, na kila tone la maji utakalomwaga ni kusukuma jeneza. Uung'oe, ukate yote yaliyooza mpaka ufikie nyama safi, uuache kivulini siku saba kidonda kikauke, kisha uupande upya katika mchanga mkavu. Wengine hupona. Ukiona wadudu weupe kama unga katika makwapa ya majani, wafute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni; kazi hiyo wapeni watoto, wanaipenda.

Aina nyingi huzaa machipukizi pembeni mwa mama. Chipukizi likiwa na urefu wa kiganja likatwe kwa kisu safi, kidonda kikaushwe kivulini siku nne au tano, ndipo lipandwe kwa kina cha vidole viwili, bila maji kwa juma zima la kwanza. Hapa ndipo watu wanapokosa saburi: hulikata asubuhi, hulipanda mchana, hulimwagilia jioni, kisha hulalamika. Mbegu nazo huota, zikipandwa juu ya mchanga wakati wa joto la Oktoba, lakini hutaona ua mpaka miaka mitatu au minne ipite, au zaidi.

Jambo moja zaidi la usafi. Mishubiri yenye shina refu huacha majani makavu yakining'inia kulizunguka shina kama sketi iliyochakaa, na mama wa nyumba hodari hutaka kuyapogoa yote. Porini majani hayo yana kazi. Mwaka 1983 William Bond wa Afrika Kusini alionyesha, kwa kuchunguza mishubiri mirefu ya kwao, kwamba ile iliyovuliwa majani makavu ilikufa moto ulipopita, na ile iliyobaki na vazi lake iliokoka, kwa kuwa lile vazi huukinga shina na ukali wa joto. Nasi wa Ufipa, ambao tunaona mbuga ikiwaka kila kiangazi, twapaswa kuelewa. Barazani pogoa upendavyo. Ukiupanda mpakani mwa shamba, uache na nguo zake.

Aina nyingi za nchi hizi huchanua katika kiangazi, wakati bustani nyingine zimekuwa majivu. Shina la ua hutoka katikati, siku nyingine likafika kiuno cha mtu mzima, na maua yake, mekundu au ya chungwa au ya manjano, huinamisha vichwa kama kengele. Basi huja chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda, na nyuki pia, kwani hawana pengine pa kwenda. Mfuga nyuki mmoja wa upande wa Mbizi aliniambia kwamba mizinga iliyo karibu na miamba yenye mishubiri haihami kiangazi. Sikuipima habari hiyo, lakini hakuwa mtu wa maneno mengi.

Nimesema juu ya mlango, na hapo pana neno ambalo halinipasi kulipita. Miaka michache iliyopita mzee mmoja wa kanisa alikuja kunitazama, akakaa, akanywa uji, kisha akasema, "Mwalimu, usinikasirikie. Mmea ule ulioutundika juu ya mlango ni zindiko?" Mji wetu, kama wengi wajuavyo, jina lake katika Kifipa hufasiriwa kuwa ni amri ya kutupa uchawi, basi swali la namna hiyo si la mzaha hapa. Tena hakukosa sababu ya kuuliza. Mwingereza Edward Lane, ambaye kitabu chake juu ya desturi za Wamisri kilitoka mwaka 1836, aliona katika mji wa Kairo mishubiri imetundikwa juu ya milango ya nyumba, hasa nyumba mpya, ili wenyeji wapate maisha marefu na nyumba yenyewe idumu. Na mmea ule ulikaa juu hapo miaka bila udongo wala maji, na bado ukachanua. Mtu akiona kitu kisichokufa atakitegemea. Hilo ni la binadamu wote.

Nilimjibu, "Mzee wangu, niliutundika kwa sababu kuku waliuparua chini." Akacheka, lakini hakuridhika. Siku ya pili mke wangu aliushusha, akaupanda katika debe mbele ya macho ya watu wote, akaweka kitalu cha wavu kuwazuia kuku. Mimi niliona si lazima. Yeye aliona kwamba jirani akikwazwa na kamba, kamba si kitu cha kupigania. Mzee mwenyewe alikuja baada ya mwezi kuomba chipukizi, nasi tukampa mawili.

Mke wangu ana haki ya kuamua mambo ya mmea huu, kwa kuwa umetoka kwa mama yake. Mama mkwe wangu alikuwa na mshubiri mmoja tu, wa majani mafupi yenye madoa, ambao yeye naye alipewa chipukizi lake na shangazi yake alipoolewa. Hakuupenda kwa dawa. Aliupenda kwa sababu, kama alivyosema, ndio kitu pekee nyumbani kisichomwita usiku. Alipofariki mwaka 2011 tulimzika mwezi wa Mei, mwanzo wa kiangazi, na maua tuliyoyaweka yalikuwa majani makavu kabla ya siku arobaini. Nani atakayekwenda makaburini na ndoo kila jioni? Basi mke wangu akapanda mshubiri wa mama yake kichwani pa kaburi, katika kokoto. Ulishika. Julai 2014 ulichanua kwa mara ya kwanza, na tulikwenda wote na watoto kuutazama.

Mwaka uliofuata majani yakaanza kupungua. Kwanza moja, limekatwa kwa kisu, kisha matatu, kisha siku moja tukakuta umebaki moyo tu kama kitunguu kilichomenywa. Mke wangu alikaa chini pale pale. Nilisema tuzungushe seng'enge. Alisema, "Makaburi ya wengine hayana seng'enge." Tukaenda kimya nyumbani.

Mkataji mmoja tulimjua, maana tulimkuta. Alikuwa mama wa makamo, ana kisu na mfuko, akashtuka akataka kuondoka. Mke wangu alimwamkia kwanza, "Shikamoo, mama," ndipo akamwuliza ana mgonjwa gani. Mjukuu wake alikuwa amemwagikiwa na uji mguuni. Wengine waliokata, kama alivyotuambia, walichukua kwa ajili ya vidonda vya tumbo, na wengi zaidi kwa ajili ya kuku, kutia katika maji yao wakati wa kideri. Mke wangu alikwenda naye mpaka kwake, akamtazama mtoto, na mchana wake wakampeleka hospitali, kwa sababu lengelenge lilikuwa kubwa kupita kiganja chake.

Kwa hiyo lazima niseme juu ya dawa, ingawa nilitaka kuandika juu ya uzuri tu. Jani la mshubiri lina vitu viwili. Chini ya ganda hukaa maji ya manjano, machungu, na hayo ndiyo shubiri yenyewe. Katikati hukaa ute mweupe usio na rangi, kama utando wa yai. Ute huo hupoza ngozi iliyounguzwa kidogo na jua au sufuria, baada ya kuimwagia maji safi ya baridi kwa dakika ishirini. Kuungua kukubwa, au kwa mtoto mdogo, ni kazi ya zahanati. Maji ya manjano ni dawa ya kuharisha yenye nguvu sana. Hukamua tumbo, hupoteza maji ya mwili, na kwa mama mjamzito na kwa mtoto ni hatari. Mwaka 2002 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru dawa za kuharisha zenye shubiri ziondolewe katika zile ziuzwazo bila cheti cha daktari, kwa kuwa watengenezaji hawakuleta ushahidi wa kutosha kwamba ni salama. Nako kuku wa kideri hawaponywi na jani. Kinga yao ni chanjo ile ya tone la jicho, itolewayo kabla ugonjwa haujafika. Nimewaona watu wakitia mshubiri katika maji siku tatu huku wakizika kuku kila asubuhi.

Tena tazameni msichanganye. Ukikata mmea mnene ukatoka maziwa meupe, huo si mshubiri. Ni wa jamaa ya mnyaa, na maziwa yake yakiingia jichoni yaweza kumpofusha mtu. Watoto wafundishwe hili kabla ya kupewa kisu cha bustani.

Turudi kwa kaburi. Mke wangu alichukua machipukizi ya ule moyo uliobaki na ya mishubiri ya nyumbani, akapanda ishirini na nne kandokando ya ua wetu, upande wa njia, nje ya wigo. Akawatangazia akina mama wa jumuiya kwamba majani ya njiani ni ya kila mtu, na atakayekata akate ya chini, mawili, asiguse moyo. Na wa kaburini uachwe. Je, waliuacha? Ulikatwa mara moja tena, mwaka 2017. Tangu hapo haujakatwa. Wa njiani hukatwa kila juma, nao hawafi, kwa sababu mikono ni mingi na mimea ni mingi. Nikiona mtu mgeni anainama njiani na kisu, huwa natoka kumweleza habari ya maji ya manjano, na mara nyingine tunamaliza kwa kuzungumza juu ya mahindi.

Nasema haya kwa sababu nimeanza kusikia vijana wakipanda miambani kung'oa mishubiri ya mwitu, waiuze mjini kwa wenye nyumba mpya. Mshubiri wa genge ukitiwa katika kopo lenye udongo wa tope hufa masika ya kwanza, na mwenye nyumba huja kununua mwingine. Ndivyo miamba inavyomalizika. Wenzetu wa Kenya waliona uharibifu wa namna hii kwa ajili ya biashara ya utomvu, hata mwaka 1986 Rais wao akapiga marufuku uvunaji wa mishubiri ya mwitu. Mkataba wa mataifa juu ya biashara ya viumbe walio hatarini, ulioanza kutumika mwaka 1975, huihesabu mishubiri yote isipokuwa ile moja ya alovera. Kuivusha mpakani bila kibali ni kosa, nasi tunaokaa karibu na Zambia na ziwa tusiseme hatukuambiwa. Lakini kwangu sababu kubwa ni nyepesi zaidi: mmea unaozaa machipukizi sita kwa mwaka mlangoni pa jirani hauhitaji kuibwa katika jiwe. Mwalimu mwenye shule akipanda mitano tu katika tuta la kokoto mbele ya darasa, katika miaka mitatu kila mtoto atachukua wake nyumbani, na hakuna mtu atakayeshinda akichota maji ya kuunywesha wakati kisima kimekauka.

Mwaka huu tumekata machipukizi thelathini na moja. Yamelala juu ya ungo stoo, vidonda vyake vinakauka. Wasomaji walio karibu wanaotaka waje kabla ya mvua, kila mmoja na kopo lake lililokwisha kutobolewa. Wasio na mchanga wa mtoni watapewa. Wale wenye madoa, wa mama mkwe, ni manne tu, na mke wangu ndiye atakayesema nani ayapate.